Trekta Yetu ya Zamani na Trekta Mpya
Maneno yaliyosomwa na karani wa chama mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka



Tumeamriwa na Halmashauri tuseme mbele yenu juu ya jambo moja tu, nalo ni trekta. Habari za ada, karo za watoto na misaada ya misiba zimekwisha kusomwa na Mweka Hazina, wala hatutazirudia ila pale zitakapogusana na jambo letu; na kwa bahati mbaya zitagusana.

Mwajua wote jinsi swali hili lilivyozuka. Katika kikao cha mwezi wa Oktoba waliletwa mbele yetu wanachama vijana wenye karatasi za bei, wakasema trekta yetu imezeeka, iuzwe, na chama kichukue mkopo kununua mpya. Mzee mmoja akasimama akasema, “Usiache mbachao kwa msala upitao.” Kijana naye akamjibu kwa adabu, “Shikamoo mzee, lakini kipya kinyemi kingawa kidonda.” Kikao kikacheka, kisha kikagawanyika, na hata giza lilipoingia hapakuwa na mtu aliyebadili neno lake. Ndipo Halmashauri ikatuagiza sisi wa ofisi tupekue vitabu vyetu, tuwaulize mafundi na wenye trekta wengine, tuje tuwaambie tuliyoyaona. Yafaa mjue mapema kwamba sisi si mafundi. Tulifundishwa hesabu na maandishi katika shule ya misheni, wala hatukufundishwa kufungua injini. Tutakayosema juu ya chuma tumeyapata kwa wenye kukijua.

Kwanza tuikumbuke trekta yenyewe. Ni Massey Ferguson 135, namna iliyoanza kuuzwa mwishoni mwa mwaka 1964, ikaundwa katika kiwanda cha Coventry, Uingereza, hadi katikati ya miaka ya 1970. Injini yake ni Perkins ya dizeli yenye silinda tatu, na nguvu zake zapata farasi 45. Chama kiliinunua ikiwa tayari imetumika, katika miaka ya 1990, wengine wetu tukiwa watoto wa kubebwa mgongoni. Wazee waliotoa fedha hizo wangali nasi, nao wakumbuka kwamba haikununuliwa kwa fahari. Zamani shamba la mjane lililimwa kwa risaga. Majirani walikuja na majembe yao, wakalima, wakala na kunywa, kisha wakaenda zao. Vijana walipokwenda Nairobi, Kericho na Mombasa kutafuta kazi, risaga ikabaki na vikongwe. Trekta ilinunuliwa ishike nafasi ya mikono ile iliyoondoka, na ndiyo maana kanuni yetu yasema wajane walimiwe kwanza, tena kwa nusu ya bei. Mtu asiyeikumbuka kanuni hiyo atauona mjadala huu kuwa ni wa chuma tu.

Kadhalika tukumbuke nchi yetu ilivyo. Sehemu kubwa ya Kisii na Nyamira ni vilima na mabonde, na wengi wetu tuna ekari moja au pungufu. Huko trekta haina kazi, jembe na maksai watosha. Trekta yetu hupata riziki yake Borabu, katika ardhi iliyogawanywa kwa walowezi wetu miaka ya mwanzo ya 1960 kutoka mashamba ya Wazungu, ambako nchi imelala kidogo. Tena huvuka kwenda upande wa Kilgoris, kwa watu wetu waliokodi mashamba ya mahindi. Siku nyingine huvuta trela ya matofali, mchanga na mbolea, ama huzungusha mashine ya kupukuchua mahindi. Na mvua zikikaza, huitwa kunasua magari yaliyozama matopeni katika njia za chai, kazi ambayo hulipwa kwa shukrani zaidi kuliko kwa shilingi.

Sasa tuwape vijana haki yao, maana hawakuja na maneno matupu. Walisema trekta mpya ya farasi 75 huvuta plau ya diski tatu mahali ambapo yetu yavuta mbili kwa shida. Kweli tupu. Walisema kule Kilgoris, katika mashamba mapana, kazi ya siku tatu ingekwisha kwa siku mbili. Yamkini ni kweli vilevile. Lakini Borabu ya leo siyo ya mwaka 1963. Mashamba yamegawiwa wana, na wana wamewagawia wana wao. Vipande vimekuwa virefu na vyembamba, na dereva hutumia muda mwingi akigeuza kuliko akilima. Trekta kubwa yataka mahali pa kugeukia. Tuliwauliza wenye trekta kubwa wawili wa upande wa Nyansiongo, nao wote walituambia kwamba vipande vidogo huvikataa au huvitoza zaidi. Vipande hivyo wanavyovikataa ndivyo vya wajane wetu.

Neno lao la pili lilikuwa zito zaidi. Walisema trekta yetu huharibika wakati inapotakiwa, wakataja Februari iliyopita. Hapo watu wengi waliitikia kwa vichwa, nasi pia. Ama kwa hakika sisi tulikwenda kufungua vitabu tukidhani tutaikuta hukumu ya trekta imekwisha kuandikwa. Tulikuta jambo jingine.

Kitabu cha kazi chasema hivi. Katika mwaka uliopita trekta ilifanya kazi siku 131: siku 64 za plau na haro, siku 49 za trela, na siku 18 za kupukuchua mahindi. Siku ilizotakiwa ikasimama zilikuwa 19. Katika hizo, nne zilikuwa za tairi lililopasuka, na nne dereva alikuwa mgonjwa wala hatuna dereva wa pili. Hata trekta iliyotoka kiwandani jana ingesimama siku hizo nne. Zilizobaki ni siku 11 za klachi, nazo ndizo za Februari.

Tukazifuata siku hizo 11 moja moja, kwa risiti na kwa barua. Fundi wa Kisii mjini alifungua trekta, akabadili pleti ya klachi na bearingi yake, akafunga, kwa siku mbili. Kipuri kilipatikana siku ile ile fedha zilipofika. Siku tisa zilizosalia trekta ilikaa chini ya mti ikingojea saini. Mmoja wa watia saini alikuwa amekwenda Nairobi harusini. Wa pili alitia saini mahali pasipotakiwa, benki ikaikataa hundi. Na barua ya kuomba fedha ilikaa siku mbili juu ya meza yetu wenyewe, kwa kuwa sisi tulidhani Mweka Hazina ameichukua, naye alidhani sisi tumeipeleka. Ndugu wanachama, klachi ilikula siku mbili, na ofisi ikala tisa. Hatusemi haya kwa furaha. Katika siku hizo tisa mvua ilikaribia, na mashamba sita ya wajane yakachelewa. Mama mmoja wa upande wa Esise, ambaye huvuna magunia matano, alivuna mawili. Alipokuja ofisini hakutulaumu. Aliuliza tu kama mwaka huu trekta ni nzima. Tulimjibu kwamba ni nzima, wala hatukumwambia ni nini hasa kilichokuwa kibovu.

Basi, mtu aweza kuuliza, je, trekta mpya ingetuponya na ugonjwa huo? La hasha. Trekta mpya nayo hutaka filta, mafuta na mpira wa kuziba, na fedha zake zitapita katika meza ile ile na saini zile zile.

Wako waliosema, “Hata hivyo, kiwanda cha Coventry kilifungwa mwaka 2002, vipuri vitakwisha.” Tuliliuliza hili kwa bidii. Injini ya jamii hiyo hiyo ya Perkins yenye silinda tatu iliwekwa katika Massey Ferguson 240, ambayo kampuni ya Millat ya Lahore, Pakistan, imeiunda kwa miaka mingi. Na matrekta ya namna hiyo yameenea katika nchi hii. Si kila kipuri cha ile huingia katika yetu, lakini ringi, pistoni, nozeli na vichujio tumeviona kwa macho yetu madukani Kisii mjini. Linalowaogopesha mafundi ni pampu ya dizeli. Pampu ya trekta hizi huchukia maji na uchafu, na sisi tumezoea kununua dizeli katika mitungi iliyokaa wazi. Mafundi watatu tuliowauliza, kila mmoja kwa wakati wake, walitaja mitungi hiyo kabla hatujawauliza.

Tena upya si dhamana ya vipuri. Mwaka 2025 kampuni ya CMC Motors, iliyokuwa ikiuza trekta za New Holland humu nchini, ilitangaza kwamba yafunga shughuli zake katika Afrika ya Mashariki. Hatusemi kwamba wenye trekta hizo waliachwa bila vipuri. Twasema tu kwamba muuzaji aweza kuondoka akamwacha mnunuzi katikati ya deni lake, na jambo hilo halikuwamo katika karatasi za bei tulizoletewa.

Palikuwa na shauri la tatu, lililoletwa na mwanachama mmoja kwa nia njema: tununue trekta iliyotumika ng'ambo, kubwa kuliko yetu na rahisi kuliko mpya. Wazee waliopata kusikia habari za Kongwa, Tanganyika, watatuelewa upesi. Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilianza kulima karanga huko, na kwa kuwa matrekta mapya hayakupatikana baada ya vita, ilinunua mengi yaliyotumika, mengine kutoka akiba za jeshi la Marekani zilizobaki Ufilipino. Yalifika bila historia yao kujulikana, mahali pasipo karakana wala mafundi wa kutosha, juu ya udongo uliokauka kama matofali. Kabla ya mwaka ule kwisha, sehemu kubwa yake yalikuwa yamesimama. Mwaka 1951 mpango wenyewe uliachwa, na hasara iliyohesabiwa ilikuwa pauni milioni 36. Serikali ile ilikuwa na fedha za kupoteza, sisi hatunazo. Trekta yetu twaijua tangu bolti iliyokazwa vibaya hadi mahali inapovuja. Ile ya ng'ambo tungejua rangi yake tu.

Hadi hapa huenda mtu akadhani tumeandikiwa hotuba hii na wazee. Sivyo, na sasa twafika mahali ambapo vijana wametushinda.

Mwezi wa Juni trekta ilikuwa ikishuka mteremko kuelekea mtoni, nyuma yake trela ya matofali. Trekta hii ina pedali mbili za breki, moja ya gurudumu la kulia na moja ya kushoto, ili dereva aweze kugeuka kwa haraka shambani. Barabarani pedali hizo hufungwa pamoja kwa kichuma kidogo zikawa moja. Kichuma hicho kwetu kilikuwa kimepotea, na hakuna ajuaye tangu lini. Dereva alipokanyaga, gurudumu moja lilishika na la pili likaendelea. Trela isiyo na breki ikaisukuma trekta kutoka nyuma, nayo ikageuka ubavu, ikapanda ukingo, ikasimama gurudumu moja likiwa hewani. Dereva wetu alitoka mzima. Utingo alivunjika mkono. Kama ukingo ule ungalikuwa mrefu zaidi kwa kadiri ya mkono mmoja, trekta ingelala juu ya dereva, na leo Mweka Hazina angekuwa na mstari mwingine wa kusoma katika hesabu ya misiba.

Trekta mpya huja na fremu imara ya chuma nyuma au juu ya kiti, pamoja na mkanda, ili ikipinduka isimponde dereva. Nchi ya Uswidi ililazimisha jambo hilo kwa trekta mpya tangu mwaka 1959, na Uingereza tangu mwaka 1970. Yetu haina fremu, haina mkanda, nayo yatembea katika nchi ya miteremko. Tulitafuta neno la kuwajibu vijana katika hili, hatukulipata. Tuliloweza kuligundua ni kwamba fremu za kufaa trekta ya namna hii zipo, na zaweza kufungwa. Lakini iwe fremu iliyoundwa na kupimwa kwa kazi hiyo, wala si bomba la maji lililochomelewa kando ya njia. Bomba la namna hiyo hukunjika likamsubiri dereva pale pale. Na fremu bila mkanda haina maana, kwa sababu dereva hurushwa nje, kisha fremu yenyewe ikamwangukia.

Tufike sasa kwenye fedha, nasi twaomba mtuvumilie, kwa kuwa hapa ndipo moyo wa jambo ulipo. Trekta mpya ni mamilioni ya shilingi, na wakopeshaji hutaka kitangulizi. Kitangulizi hicho chama hakinacho ila mahali pamoja, yaani Mfuko wa Misiba na Karo. Waliotoa shauri walisema fedha hizo zitarudishwa kwa mapato ya trekta. Sisi tukachukua kalamu. Trekta huingiza fedha nyingi katika Januari, Februari na Machi, kisha tena kidogo kabla ya mvua za mwisho wa mwaka. Miezi mingine ni trela na mahindi tu. Mkopo hulipwa kila mwezi. Mkopo haujui kwamba mwezi wa Mei mashamba yameota na plau imepumzika. Kwa hiyo katika miezi myembamba tungelipa kutoka mfuko ule ule uliokwisha kutoa kitangulizi. Na ili kuujaza, trekta ingepaswa kukimbilia wenye mashamba makubwa na bei nzima, na wajane wenye nusu bei wangesogezwa hadi mwisho wa foleni. Hakuna mtu angeamua hivyo kwa ubaya. Foleni ingejipanga yenyewe.

Mwaka huu mfuko huo umewalipia karo watoto wa marehemu wanachama wetu, na umesafirisha miili kutoka miji ya mbali hadi nyumbani. Hatuwezi kuuweka rehani kwa ajili ya siku tisa ambazo tulizipoteza sisi wenyewe.

Kwa sababu hizo, Bwana Mwenyekiti, Halmashauri kwa wingi wa kura, si kwa kauli moja, yaomba mkutano huu ukubali kuibakiza trekta ya zamani kwa misimu miwili mingine. Walakini isibaki kama ilivyo. Kabla plau haijagusa udongo Januari, ifungwe fremu na mkanda, kichuma cha pedali kirudishwe, na trela ipate breki zake. Na mpaka hayo yatimie isiteremke mlima wowote na mzigo, awe ni nani aliyeagiza mzigo huo, hata kama ni mjumbe wa Halmashauri. Liwepo sanduku la vipuri, lenye pleti ya klachi, filta na nozeli, ufunguo wake ukae kwa dereva. Fedha za matengenezo madogo zikae mkononi mwa watu wawili walio karibu, zisingojee hundi, nao walete risiti kila mwezi. Afundishwe dereva wa pili. Mitungi ya dizeli ipate vifuniko, jambo ambalo twaona haya kulitaja katika mkutano mkuu.

Tena kila siku ya kazi sehemu ya mapato iwekwe kando katika hesabu yake peke yake, isichanganywe na misiba. Misimu miwili ikiisha, tutaleta kitabu hapa. Kama trekta itakuwa imesimama zaidi ya siku kumi za kulima kwa sababu ya chuma, na si kwa sababu ya ofisi, au kama injini itapasuka, sisi wenyewe tutasimama kusema iuzwe. Wakati huo akiba ile itakuwa mwanzo wa kitangulizi, na vijana waliotoa shauri hili tungependa wawe katika kamati ya kuchagua, kwa kuwa wamejifunza mengi juu ya trekta hizo kuliko sisi. Mjumbe mmoja wa Halmashauri ameomba iandikwe kwamba misimu miwili ni mingi mno. Imeandikwa.

Twaongeza neno moja la dereva, ambaye hakuweza kufika leo. Tulipokwenda kumweleza habari za fremu, alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza kama yawezekana kufunga turubai juu yake, maana jua la Februari humpiga kichwani tangu asubuhi hadi jioni, na hajapata kuliomba jambo hilo kwa miaka yote aliyotufanyia kazi. Tulimwahidi kwamba tutalileta mbele yenu. Gharama ya turubai imo katika karatasi mliyogawiwa, mstari wa mwisho, chini ya mkanda.